Mkono Uliofikicha Mubirizi

Ndagala ndio waliomtangaza Mawazo kabla yeye mwenyewe hajajitangaza. Miaka sita alikuwa akiwauza, hao samaki wadogo wakavu wa ziwa letu, katika kisoko cha Buterere, na harufu yao alikuwa haisikii tena, kama vile mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake. Asubuhi moja akafungua gunia, akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia nyuma ya kibanda. Aliporudi, wenzake walikuwa wamenyamaza. Na wanawake wa sokoni wakinyamaza, jua kuna neno.

"Mama Benite," akasema Pascaline, muuza mihogo, mtu ambaye mdomo wake hauna mlango, "ndagala imekuwa mubaya tangu lini?"

"Ni tumbo tu. Nilikula maharagi ya jana."

"Maharagi iyo, siku moja itatembea, itakuita mama."

Wakacheka. Mawazo naye akacheka, maana usipocheka sokoni utachekwa mara mbili. Lakini mgongoni alikuwa amembeba Benite, binti yake wa mwaka mmoja na miezi mitano, amelala mdomo wazi, maziwa ya alfajiri yamemkaukia kidevuni. Hapo ndipo kicheko kilipomkwama.

Kwa watu wake, na kwa watu wengi wa mitaa ile, mwenye mimba hanyonyeshi. Maziwa, wanasema, ni ya aliye tumboni. Aliye nje akiyanywa anakunywa ya mwenzake, nayo yanamlipiza: anaharisha, miguu inalegea, nywele zinageuka rangi. Amebemendwa, basi. Kule Uvira, ng'ambo ya mpaka, dada mkubwa wa Mawazo alizika mtoto wa umri wa Benite, na mpaka leo hakuna anayesema mtoto yule alikufa kwa ugonjwa gani. Wanasema tu, mama yake alikuwa na mimba. Maneno ya namna hiyo hayana haja ya kumaliziwa.

Kwa hiyo hakumwambia mtu. Mwezi mzima akaendelea kunyonyesha kwa kujificha, kama mtu anayeiba kilicho chake. Hata mumewe Patrick alichelewa kujua. Patrick anapakua mizigo bandarini, saruji na mahindi yanayokuja kwa meli kutoka Kigoma. Jioni hurudi mweupe mpaka kope. Benite humkimbilia, humwita "Papa", halafu hupiga chafya, na Patrick hucheka kwa kuwa kila siku ni chafya ileile.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu. Buterere ni chini. Kule juu Kiriri watu wanafunga madirisha tu. Maji yenyewe yanateremka, yanapita mji mzima, yanakuja kulala kwetu kama mgeni asiyeuliza nafasi. Yaliingia uani mwa Mawazo, yakafika kifundo cha mguu, yakachanganyika na ya chooni. Wiki ileile Benite akaanza kuharisha.

Mawazo akampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi, msichana aitwaye Irène, akambana Benite shavu, akamtazama macho, akaandika kwa kalamu, akasema:

"Ni maji, mama. Chemsha maji ya kunywa. Na uendelee kumunyonyesha, ziwa ya mama itamusaidia."

"Na kama mama yake iko na mimba?"

Irène akamtazama tumbo. "Mimba haiharibu maziwa. Nani alikuambia ivyo?"

Mawazo alitaka kujibu, kila mutu. Akasema, "Asante, dada."

Njiani akapima. Upande huu, binti mmoja na kalamu yake. Upande ule, mama yake, bibi yake, soko zima, na kaburi dogo kule Uvira. Mimi sitamhukumu. Mtu akiogopa kaburi hapimi kwa kilo. Tena makaa yote yalikuwa yamelowa. Hayo maji angeyachemshia wapi?

Jirani yake ukuta kwa ukuta ni Khadidja, mjane mtu mzima, mzaliwa wa Buyenzi, mtoto wa Waislamu wa zamani wa mji huu. Watoto wake wakubwa, wameolewa, wameoa, nyumba imebaki na birika la chai na mkeka wa kuswalia. Mawazo akamweleza yote.

"Yaani unanyonyesha na uko na mimba ya miezi mitatu?" Khadidja akaweka kikombe chini. "Astaghfirullah. We mutoto, unacheza. Mupeleke kwa bibi yake. Wiki tatu asione ziwa, atasahau. Sisi wote tuliachishwa ivyo."

"Bibi yake iko Uvira, Mama Khadidja. Mupaka umefungwa."

"Ee," akasema Khadidja. "Kweli. Umefungwa."

Siku isiyo na ukungu, ukisimama ufukweni unaiona milima ya Uvira na mabati yanang'aa chini yake. Unaweza kudhani ukiita mama yako ataitika. Wiki tatu za kwa bibi zilikuwa pale, machoni, na hapakuwa na njia.

"Basi alale kwangu," akasema Khadidja.

"Ukuta wa pili? Atanisikia nikikohoa, atalia mpaka asubuhi. Apana. Nitapaka mubirizi."

Mubirizi si mti wa kutafuta. Ulikuwa hapo hapo kwenye ua, majani mapana ya kijani, mti ambao mtu akiumwa tumbo au homa anachemshiwa, akinywa anaapa hataumwa tena. Uchungu wake unakaa kooni mpaka kesho. Jumamosi asubuhi Mawazo akachuma konzi mbili, akaketi kwenye kigoda, akayafikicha viganjani, akayafikicha tena, mpaka maji ya kijani yakamtiririka kwenye vifundo vya mikono. Akajipaka kifuani kulia na kushoto. Patrick alikuwa nyumbani siku ile, hakuna meli.

Benite akaja kama alivyokuja kila siku, akapanda magoti ya mama yake, akavuta kitenge. Akanyonya mara moja tu. Akaachia. Hakulia. Alimtazama mama yake usoni, muda, kama mtu aliyegongewa mlango na anayemfahamu na bado akauliza, nani? Kisha akajaribu upande wa pili. Hapo ndipo akalia.

"Kali, ee?" Patrick akambeba. "Kali, mama yangu. Kali."

"Kali," akasema Benite katikati ya kilio. Lilikuwa neno lake la nne. Alikuwa na papa, na mama, na mai, yaani maji. Sasa akawa na kali.

Siku tatu Mawazo akarudia hivyo, kila asubuhi majani mapya. Siku ya nne mtoto hakusogelea tena ziwa, na Mawazo akamwambia Patrick, imekwisha. Akalia kidogo, akanawa uso, akasonga bugali, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampa.

Benite akaonja, akatema. "Kali."

Akampa ndizi. "Kali." Akampa uji, akiwa amechovya kidole kupima moto. "Kali!" Na safari hii akausukuma mkono wenyewe.

Patrick akachukua tonge kutoka mkononi mwa mkewe, akalitia mdomoni, akakunja uso. "Hata mimi sili. Mama Benite, unatupikia ao unatutibu?" Akacheka. Alipoona mkewe hacheki, akaacha.

Khadidja ndiye aliyetambua. Aliitwa, akaja, akaushika mkono wa Mawazo, akaulamba ncha ya kidole kama mtu anayeonja chumvi.

"Uliyafikicha na mikono?"

"Sasa na nini?"

"Mukinu, mwanangu! Unatwanga mukinu, unapaka na kitambaa. Mubirizi ikiingia mukononi haitoki na sabuni moja. Bibi yako angekuambia." Akautazama ule mkono, akaurudisha pajani mwa mwenyewe taratibu. "Umeachisha ziwa, na umeachisha mukono pia."

Mawazo akanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa ziwa mpaka ngozi ikauma. Baada ya siku mbili mikono ilikuwa safi. Aliilamba mwenyewe, hakuna kitu. Lakini kitu kilichoingia kichwani mwa mtoto hakioshwi kwa majivu. Benite alikuwa ameshajua, na alijua vizuri, kwamba uchungu unatoka kwa mama. Alikula kwa baba yake. Alikula kwa Khadidja, akashiba, akalala huko. Kwa mama yake alifumba mdomo.

Na tumbo la Benite lilipona, kweli, kule kwa Khadidja. Soko likasema, unaona? Ni ziwa. Mawazo hakubisha. Ila yeye alikaa na Khadidja, akaona kwamba katika nyumba ile hakuna tone la maji linalonywewa kabla halijachemka birikani, kwa ajili ya chai, asubuhi mpaka isha. Akamkumbuka Irène na kalamu yake. Alikaa na jambo hilo peke yake, miezi yote.

Miezi yenyewe ilikuwa mirefu. Tumbo likakua, miguu ikavimba, maji uani yakaondoka yakarudi. Alipoona mtoto hapokei kitu mkononi mwake, akazoea kukiweka juu ya kigoda, mandazi au kipande cha kiazi, kisha anaondoka anajifanya anafagia. Benite alisubiri ageuze mgongo, akachukua. Ndivyo tunavyomlisha paka wa jirani. Mawazo alijua hivyo, akaendelea kufagia.

"Atarudi," Patrick alimwambia. "Mutoto ni kama mutu wa bandari, anafuata kazi iko wapi."

"Lini?"

"Mi sijue. Atarudi."

Alichotaka Mawazo ni kidogo. Kabla huyu wa pili hajatoka, yule wa kwanza ale mkononi mwake hata tonge moja. Kwani alijua, na kila mama anajua, kwamba wa pili akishatoka mikono inajaa, na aliyekuwa mbali atabaki alipo. Akahesabu wiki. Siku moja alimsikia Benite nyuma ya ukuta akimwita Khadidja, "Mama." Khadidja akajibu haraka, "Bibi! Sema bibi. Mama iko pale." Kisha tena, "Mama, chai."

Jioni ile Khadidja alikuja na macho ya mtu aliyevunja sahani ya watu. "Simufundishi mimi, wallahi."

"Ninajua, Mama Khadidja. Nilisikia."

Wiki zikaisha, tonge halijaliwa.

Mtoto wa pili alizaliwa asubuhi, mvulana, bila shida kubwa. Irène alikuwepo. Alimsafisha mtoto, akamweka kifuani mwa mama yake, akauliza, "Na yule mukubwa, tumbo lake lilipona?" Mawazo akasema lilipona. "Ulichemsha maji?" "Mutu mwingine alichemsha," akasema Mawazo, akageuza uso ukutani. Mtoto wakamwita Jordan.

Siku ya pili akarudi nyumbani, Patrick amebeba beseni na nguo, yeye amebeba Jordan. Akaketi ndani kwenye kigoda kilekile, maana chini pote palikuwa na tope. Majirani wakaja, wakasifu pua, wakaenda. Khadidja akaja mwisho, na Benite ameshikilia kitenge chake kwa nyuma, jicho moja tu linaonekana.

"Njo uone mudogo wako," akasema Patrick.

Hakuja. Jordan akaanza kulia ile sauti ya paka ya watoto wachanga. Mawazo akafungua kitenge, akamweka ziwani, mtoto akashika.

Benite akaachia kitenge cha Khadidja.

Alikimbia. Miezi sita hakuwahi kumkimbilia mama yake, na sasa alikimbia na miguu yake mifupi, akajikwaa kizingitini, akainuka, akafika, akashika kichwa cha mdogo wake kwa mikono miwili, akavuta.

"Apana!" akapiga kelele. "Apana, mutoto! Kali! Kali!"

Patrick akaruka kumzuia. Khadidja akamshika Patrick mkono. "Mwache."

Jordan aling'olewa, akalia. Benite hakumtazama. Alichukua pindo la gauni lake, gauni la manjano alilopewa na Khadidja, akaanza kulifuta lile ziwa. Alifuta kwa nguvu, ulimi nje, kama alivyomwona Khadidja akifuta sufuria. Alifuta na upande wa pili. Akachukua mkono wa mama yake ulioshika mtoto, akaufungua kiganja, akaufuta nao, kidole kwa kidole.

Mawazo akasema, pole pole, "Sio kali tena, mama yangu. Iliisha. Onja."

Akamnyooshea kidole.

Benite akakitazama kidole. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alitikisa kama mtu mzima anayekataa kukaribishwa chakula katika nyumba isiyo na chakula.

Jordan akalia mpaka akapata ziwa tena mwenyewe. Benite akamtazama, akisubiri ateme. Hakutema. Akasubiri tena. Basi akaketi chini topeni, gauni na yote, karibu na kigoda, akaukamata mguu mdogo wa mdogo wake uliokuwa ukining'inia, akaushikilia, tayari kuvuta.

Khadidja alipomwita waende kwa chai, hakuitika.

"Mwache akae," akasema Mawazo. Hakuthubutu kulisogeza goti lake. Gauni la Benite lilikuwa limeligusa, pembeni kidogo, na akakaa vile vile mgongo ukimuuma, mpaka Jordan akalala, na mvua ikaanza kudondoka tena juu ya mabati.