Keziah na fomu isiyo na Kibagheli

Saa tatu kasorobo asubuhi, foleni ya kliniki moja ya binafsi mtaani Batha, Riyadh, imeshafika mlangoni. Keziah Kageha anakamua tambara la deki, anatoa fomu mfukoni mwa aproni, anaisoma, anairudisha. Ni mara ya nne tangu aingie kazini.

"Inauliza nazungumza lugha gani," anasema. "Swali la darasa la kwanza, na mimi sijui."

Keziah, 36, mama wa watoto wawili walioko kwa nyanya yao Vihiga, Kenya, ameomba kazi ya kuwakalimania wagonjwa Wahindi hapo mapokezi. Akiipata, mshahara utatoka riyali 1,300 hadi 2,100, tena ataketi. Mgongo wake hauna miaka mingine mitano ya kuinama. Fomu inatakiwa leo kabla ya adhuhuri.

Kihindi chake alikipata Jeddah, katika nyumba aliyofanya kazi miaka minne. Mpishi alikuwa Phulmati, mke wa dereva, wote wawili wakitoka wilaya ya Rewa, India. Kiingereza Phulmati hakukijua, Kiarabu alikijua cha kuitikia tu. Basi wakimenya vitunguu pamoja, lugha ikaingia.

"Nilianza na 'lete chumvi', nikamaliza nikimsengenya madam," Keziah anasema.

Phulmati alimwambia hicho ni Kihindi. Angemuuliza nani mwingine?

Wiki iliyopita daktari mzaliwa wa Delhi alimpima Kihindi chake. Keziah alielewa nusu. Alipojibu, daktari alicheka hadi akavua miwani.

"Dada, nani alikufundisha? Hiki si Kihindi. Ni Kibagheli, cha wakulima."

"Ni Kihindi hicho hicho, cha mashariki," akadakia mfamasia, naye Mhindi.

Wakabishana, wagonjwa wakisubiri. Keziah akaenda kuchukua ndoo yake.

Jioni alimpigia simu Phulmati. "Dada, miaka minne tuliongea nini?"

"Kibagheli. Cha nyumbani."

"Mbona ulisema Kihindi?"

"Shuleni tunaandika Kihindi. Sensa ikija, Kihindi. Ningekutajia Kibagheli, ungekijua?"

 Keziah mwenyewe ni Mmaragoli, na kila fomu aliyojaza maishani amejiandika Mluhya, jina la kabila kubwa linalowajumlisha Wamaragoli.

Wataalamu nao hawamsaidii sana. Hukiweka Kibagheli katika kundi la Kihindi cha Mashariki, pamoja na Kiawadhi na Kichhattisgarhi. Kuna wanaokiita lugha, kuna wanaokiita lahaja. Sensa ya India ya 2011 ilipata watu zaidi ya milioni mbili na nusu waliokitaja, kisha ikawajumlisha chini ya Kihindi. Kina nyimbo na mashairi yake, na huandikwa kwa hati ya Devanagari, ile ile ya Kihindi, lakini darasani mtoto hufundishwa Kihindi.

Saa nne, mwashi mmoja wa makamo kutoka Sidhi, jirani na Rewa, anatoka kwa daktari mwingine, Mwarabu asiyejua Kihindi. Ameulizwa kwa Kiarabu kama ana maumivu, amejibu hana. Anapoketi kwenye benchi anamnong'oneza mwenzake, na Keziah anaacha kupiga deki. Mtu huyu anakojoa damu tangu Jumatatu na ameona haya kusema.

Keziah anamsemesha kwa lugha ile ya Phulmati. Mwashi anamtazama yeye, anatazama ndoo, kisha anamweleza yote. Wanarudi kwa daktari pamoja.

"Mwambie tutapima figo," daktari anasema.

Keziah anafungua mdomo. Neno la figo hana. Anajipiga kiunoni, huku na huku. Mwashi anaitikia kwa kichwa, ila Keziah hana hakika ameelewa nini.

Meneja wa kliniki, madam Hala, ameyaona yote kutoka mlangoni. "Halas, yatosha, Keziah. Andika Kihindi. Kompyuta haina hicho kingine."

"Kihindi sikijui, madam. Daktari wa Delhi akinipima tena nitaanguka."

"Basi andika unachokijua. Sikuahidi kitu."

Keziah anaegemea dirisha na kuandika: Kibagheli. Anafikiri kidogo, kisha anaongeza: cha jikoni.

Jibu atapewa mwisho wa mwezi. Hadi hapo, kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, atampigia Phulmati akiwa na daftari.

"Anifundishe mwili mzima, kuanzia utosini. Vitunguu vinatosha," anasema, akiinua ndoo. "Na tunaanza na figo."