Mlima wa Saruji wa Mwalimu Geofrey

Katika ndoa yake yote Mwalimu Geofrey alikosea jambo moja tu: alitumia saruji. Mimi Theresia, jirani yake hapa Bigwa mlimani, nilimwona akikosea, na nikacheka kama walivyocheka wengine.

Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa akina mama. Ni mali ya lukolo, ukoo wa mama, na mwanamume anayehamia kwa mkewe hupewa heshima zote za mkwe, anapewa kiti kizuri na kidari cha kuku, ila shamba halimhusu. Mume mwenye akili hujenga kwa udongo, akapiga bati misumari ya kutosha tu, ili siku mke akitangulia ang'oe bati lake arudi kwa mama yake. Sisemi mila hiyo ni mbaya. Nyumba ninayolala ni ya bibi yangu mzaa mama, na hakuna mwanamume wa kunitoa. Nasema tu kwamba mila inayokupa wewe kitanda inaweza kumlaza mwenzako nje.

Geofrey naye ni Mluguru, wa upande wa pili wa safu ya milima ya Uluguru, huko Matombo. Alikuja kufundisha jiografia na sayansi kwenye shule yetu ya msingi, akamwona Modesta, binti wa hapa, akiteremsha karoti sokoni, na habari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe siku ya kwanza na akalima mpaka nywele zikawa nyeupe.

Hawakujaliwa mtoto. Haya nayasema kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila kitu. Laiti wangepata hata binti mmoja, ardhi ingekuwa ya binti, na baba angezeekea kwa mwanawe bila mtu kumuuliza.

Shuleni zana za kufundishia zilikuwa ramani moja ya ukutani iliyochanika na tufe la dunia lililofungiwa kabatini lisije likavunjwa na watoto. Mtoto alimaliza darasa la saba bila kuligusa! Geofrey alichukia. Siku moja akarudi na mifuko ya saruji, akaanza kujenga mlima uwani, mbele ya migomba ya Modesta.

Aliujenga upande wa Uluguru unaotazama mji wa Morogoro, mpana kama vitanda viwili, kilele cha Lupanga kikimfika mtoto kifuani. Mabonde aliyachonga kwa mwiko, na mito na vijito akavipitisha mpaka kwenye beseni lililozikwa chini, ambalo ndilo lilikuwa bwawa la Mindu. Ubavu mmoja aliuacha na vishimo, akaujaza udongo na ukoga wa kijani wa mtoni. Ubavu wa pili aliuwekea udongo mtupu. Modesta alikuwa mvua. Alipanda juu ya kigoda na kopo lililotobolewa matundu, na Mwalimu akiita "Masika!" anamwaga. Upande wa kijani maji yalichuruzika taratibu, meupe. Upande mtupu yalikuja na tope jekundu mpaka bwawani, na watoto wakapiga kelele kwamba Mindu inajaa matope. Hakuna mtoto aliyehitaji kukaririshwa mmomonyoko ni nini.

Walikuja kila Jumamosi, wa misheni na wa madrasa, wengine kutoka Mwembesongo kabisa. Modesta aliwapikia uji, akawaita wanangu, na hakuna aliyemsahihisha.

"Mwalimu," alimwambia mumewe mbele yangu, "jenga na kwenu kidogo. Hata choo tu."

"Mke wangu, nani anaondoka hapa?"

Tulicheka sote watatu. Tulikuwa wazima, na wazima hawana adabu mbele ya kifo.

Masika iliyopita presha ilimwangusha Modesta jikoni. Hakuamka. Tulimzika nyuma ya migomba, kwenye makaburi ya ukoo wake, na Mwalimu alisimama pale mpaka watu wakamaliza kula. Watu wa pole hawakukosa. Mmoja alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimtazama mtu huyo nikatamani kumpa koleo alitafune.

Msiba ulipokwisha, ukoo ulikaa. Kaka wa marehemu, Leonard, ndiye msemaji wao, na si mtu mbaya. Kiwanja alipewa Grace, binti wa dada yao, anayeishi Kihonda na watoto kwenye chumba kimoja cha kupanga. Ni haki yake. Nami ningeidai.

"Shemeji," Leonard akasema, macho chini, "umetutunzia dada yetu vizuri. Bati lako, kitanda chako, redio, kila ulichonunua, tutakusaidia kubeba mpaka Matombo."

"Na mlima?"

Grace ndiye aliyejibu, huku akilia, kwamba kiwanja ni kidogo na msingi wa nyumba yake mpya hauna pengine pa kupita. Alikuwa amezunguka na kamba mara nyingi kuutafutia mlima nafasi. Mafundi wangekuja Jumatatu kuuvunja.

"Ningekuwa nimeufinyanga kwa udongo," Mwalimu akaniambia baadaye, "ningeulowesha, nikaubeba kwenye gunia. Modesta alitaka udongo."

"Na kaburi ungelibeba kwenye nini?" nikamwuliza. Mdomo wangu hauna breki. Akanitazama, na ndipo nikaona kwamba si mlima peke yake uliokuwa ukimliza. Kwao atazikwa na watu wa mama yake, upande ule wa safu, na Modesta atabaki huku na wake. Maisha yote kitanda kimoja, halafu milima katikati yenu. Nikasema samahani, tukalia pamoja kwenye ngazi ya mlango wangu bila aibu.

Jumamosi ya mwisho watoto walikuja. Hakuna aliyewaita. Uji niliupika mimi, ukawa na madonge, wakaunywa kwa adabu. Yasmin, mjukuu wa muuza mkaa wa jirani, mtoto asiyekubali jibu nusu, akapanda kigoda na kulishika kopo la mvua bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo Mwalimu. Wanasema unahama."

"Marahaba. Ni kweli."

"Unahamia wapi? Tuonyeshe."

Mwalimu akachukua fimbo yake ya kufundishia. Akaianzisha hapa Bigwa, akaipandisha polepole kwenye bonde, kama tulivyozoea kumwona akipandisha darasa zima. Akapita mashamba, akapita msitu, akafika mgongoni mwa safu. Akaivusha upande wa pili, na pale fimbo ikakosa mahali pa kukanyaga. Saruji iliishia hapo. Nyuma yake palikuwa na vumbi na majani makavu ya mgomba.

"Ni huko," akasema, fimbo ikiwa hewani.

Yasmin akazunguka nyuma kuangalia. "Mwalimu, huku hakuna kitu! Mbona kwenu hukukujenga?"

Leonard alikuwa mlangoni akifunga godoro kwa kamba. Mikono yake ikasimama.

"Nilidhani kwetu ni hapa," Mwalimu akasema.

Leonard akaiachia kamba, akakaa juu ya godoro la shemeji yake, akafunika uso kwa kofia na kulia kwa sauti mbele ya watoto. Hakuna mtu aliyemkataza. Na Jumatatu mafundi walikuja, kama ukoo ulivyopanga.