Lebo Iliyokataa Kuoza

Fundi wa nguo anayeniletea kazi kwenye duka langu la uchapishaji hapa Ogembo hachagui karatasi ya lebo kwa macho. Huisugua kati ya vidole viwili, kama anavyosugua kitambaa, kisha huichana polepole huku akiisikiliza. Ikichanika kwa sauti kavu, huiweka kando. Ikivutika kwanza, hunirudishia. "Hii ina plastiki," husema, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani, halafu huchukua nyingine.

Juzi nilimwonyesha inayong'aa, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu, maana wenye maduka ya Kisii ndiyo wanayoitaka. Nikamwambia kwamba karatasi ya kaki aliyoichagua, ile ya kahawia isiyo na plastiki, itafanya magauni yake yaonekane ya bei rahisi, na huenda wakayakataa. Alipapasa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni. Alijua nasema kweli. Kisha akatoa mfukoni lebo iliyojaa udongo kwenye mikunjo, akaifuta kwa leso. Ilikuwa mojawapo ya zile za kwanza nilizomchapia, na jina lake bado lilimetameta.

"Nimeipata nikilima kwenye migomba," akasema.

"Ona, rangi haijatoka hata kidogo," nikajibu kwa fahari.

Akaiweka mezani, mbele yangu.

"Gauni lenyewe liliisha. Mama mkwe niliyemshonea tukamzika hapo hapo karibu na migomba. Hii bado inang'aa. Nichapie ya kaki."