Kodi Haikusubiri Arobaini

Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mbeya, lakini tulimzika nyumbani, Kilolo. Wiki hiyo hiyo muuza duka wake akanipigia simu: watu wa kodi wameleta barua, wanadai kodi ya miaka mitatu ambayo baba alishailipa. Nikasema nitafute wakili wa kodi. Baba mdogo akanikatiza mbele za watu.

"Mwanangu, mambo ya marehemu hayaguswi kabla ya arobaini. Unataka waseme tunagombea urithi?"

Nikarudi kwenye masufuria ya msiba.

Arobaini ilipopita nikapanda basi kwenda Mbeya. Wakili aliisoma barua, akatazama tarehe.

"Muda wa kupinga ni siku thelathini, na umekwisha. Nitaomba watuongezee, ila kuomba si kupata. Dada, ungenipigia siku ile ile, hata ukiwa makaburini."

Jioni nilimpigia baba mdogo, nikamweleza yote.

"Mwanangu," akasema, "na shule yote uliyosoma, ulishindwa kutafuta wakili mapema?"