Maji Niliyoyachota Kabla ya Wakati

Siku hiyo naikumbuka kwa ulimi, mwanangu, maana mpaka leo nikitia chumvi chunguni mkono wangu unasita. Nilikuwa msichana asiyetulia. Wenzangu wakikaa, mimi nasimama. Wakisimama, mimi nimeshaondoka.

Kisiwa chetu hapa delta ya Rufiji ni kidogo, na visima vyake vina chumvi. Maji ya kunywa na kupikia tunayafuata juu ya mto kwa mtumbwi. Unapanda na maji yanayojaa, ukifika unangoja yapwe, bahari irudi kwake na maji ya mto yateremke, ndipo unaonja. Yakiwa matamu, unachota. Nyie siku hizi mna boti za mashine, lakini kungoja kuko palepale.

Mwaka huo Maulidi yalisomwa kwetu, na zamu ya kupika ilimwangukia mama. Baba alikuwa ametuacha, na maneno yalishapita kisiwa kizima kwamba nyumba isiyo na mwanamume haiwezi kupokea wageni. Mama aliazima masufuria, akakuna nazi mpaka vidole vikachubuka, kisha akanituma maji.

Nilifika juu mapema. Jua linachoma, mbu wa mikoko wananila, na kichwani mwangu yanalia matari. Wageni wa Kiongoroni walikuwa njiani, wenzangu walikuwa wanapakana hina, na mimi nimekaa mtumbwini natazama tope! Maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kupwa. Nikaonja. Yana munyu. Nikakaa, nikainuka, nikaonja tena. Nikajiambia, mbona si sana? Nikajaza madumu yote, nikapiga kafi.

Mama alinipokea bandarini.

"Mbona upesi hivi? Umeonja?"

"Nimeonja, mama. Matamu."

Aliniamini. Akatia chumvi kwa kipimo chake cha siku zote, na mimi nikakimbilia hina.

Wageni walipotia tonge la kwanza mdomoni, bibi mmoja wa Kiongoroni akacheka kwa adabu: "Dada, leo bahari imehamia chunguni?"

Mama akaonja. Akanitazama mimi, nimesimama mlangoni na hina yangu mbichi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akawageukia wageni.

"Nisameheni jamani. Ni mie, mkono wangu umezidisha chumvi."

Nami nikanyamaza, mwanangu. Watu walikula kidogo, wakasukuma sinia, na wale wenye maneno yao wakapata la kusema. Mama hakunigombeza. Kesho yake alinipa madumu yaleyale, akasema, "Leo ngoja." Nikangoja mpaka mtumbwi ukakaa juu ya tope.

Kila Maulidi baada ya hapo wanawake walimtania: "Weye kaa mbali na chumvi!" Mama alicheka nao. Na mimi nilikuwa papo hapo, nakata vitunguu, siwezi hata kukaa vizuri kwenye mkeka. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mwaka matari yalilia, wageni wakala, wakaondoka.

Mama akafariki sijasema. Siku ya hitima yake utani ule ulirudi, kwa mapenzi tu. Hapo nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba yale maji niliyachota mimi, na nilijua yana chumvi. Wakanipa pole. Lakini mama hakuwepo kusikia.

Basi nasaha yangu ni hii. Haraka yako siilaumu; ninayo mpaka leo, hata nikikusimulia haya nimeshainuka mara tatu. Ila ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla wageni hawajanawa mikono, kwa sababu atakayebeba lawama yako ni yule anayekupenda, na hatakukumbusha hata siku moja. Kama yupo anayeibeba sasa hivi, inuka umwendee. Hapo ndipo uwe na haraka.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu, na akufikishe kwa mtu wako angali hai, akusikie kwa masikio yake. Amina.