Gari Hili Haliuzwi

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha fizikia Newala, gari langu lilianza kukaa chini nyuma. Lilikuwa gari dogo la familia lenye buti refu, nililokuja nalo kutoka Mbeya. Newala mji uko juu, maji yako bondeni, na bomba likikauka wiki mbili hakuna anayeshangaa. Mwenye gari hubeba maji. Mimi nilibeba madumu kumi kila Jumamosi: saba yangu na wanangu, matatu ya bibi mjane aliyenipangisha nyumba ya uani kwake.

Springi zikachoka. Kila shimo chuma kiligonga chuma, na madumu yakiwa ndani taa za mbele zilitazama angani. Mwalimu mmoja wa hesabu aliniambia mbele ya wenzetu wote ofisini, "Uza, dada. Hilo ni gari la lami. Kwanza mwanamke peke yako, gari la nini?"

Walicheka. Gari lile nililinunua na mume wangu, na mume wangu alishafariki. Sikuwaambia. Nilisema tu, "Siuzi," nikaendelea kusahihisha madaftari.

Fundi wa kwanza, pale pale mjini, alikata vipande vya tairi kuukuu akavipachika katikati ya mizunguko ya springi. Gari likainuka. Nikafurahi siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nateremka bondeni na madumu matupu, nikaingia kwenye kona yenye makorongo, sehemu ya nyuma ikaruka, ikatua pembeni, ikaruka tena. Tairi la nyuma lilisimama hatua moja kutoka ukingoni mwa bonde. Nilizima injini, nikakaa chini kwenye majani. Halafu hasira zikanijia, nikashukuru kwamba ni hasira na si woga.

Ninafundisha springi. Kila mwaka naichora ubaoni. Nimewezaje kukubali mtu anizibie springi kwa raba, isiweze kujikunja wala kufunguka?

Jumatatu ya likizo nilishuka Masasi polepole, kwenye gereji ya mzee mmoja aliyesifiwa kwa magari ya abiria.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Baba yuko wapi, tuongee kuhusu gari?"

"Gari ni langu. Ongea na mimi."

Alinitazama, akafuta mikono. Nikamwambia ninachotaka: springi nzito kidogo, zile za gari la aina hii hii lililotengenezwa kubebea mizigo, na shokapu mpya za kuzimudu. Pande zote mbili. Na raba zile zitoke leo.

"Springi sawa," alisema. "Shokapu zako nzima, hazivuji."

"Njoo tujaribu."

Nililalia kona ya nyuma kwa uzito wangu wote, nikaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, likapanda. Mafundi wengine wawili waliacha kazi wakaja kuangalia.

"Shokapu nzima ingelituliza mara moja," nilisema. "Ukiweka springi kali juu ya hizi, utakuwa umenirudishia gari lile lile linaloruka kama mbuzi."

Mzee alirudia mwenyewe, upande wa pili. Kisha akacheka, bila dharau. "Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi ni mwalimu."

Nilikaa pale mpaka alasiri, kwenye benchi, nikiangalia kila nati inavyokazwa. Hakuna aliyeniambia nikasubiri hotelini. Nadhani waliona nisingeondoka.

Sitasema uongo: gari likiwa tupu ni gumu, kokoto ndogo naisikia mgongoni. Limeinuka nyuma pia. Mwalimu wa hesabu alilizunguka shule ilipofunguliwa, akasema limekaa kama kuku anayedonoa. Nikamwambia, "Ndivyo nilivyoagiza."

Jumamosi ile nilipakia madumu yote kumi, matupu, kwenda bondeni. Bibi akasema anakwenda nami, kisha nimpitishe Makote kwa mdogo wake. Tangu nihamie kwake alikuwa amekataa kupanda kwa sababu ya kiuno. Alikaa mbele, kitambaa cha kichwa amekifunga kama anakwenda vitani, ameshika mlango kwa mikono miwili. Tulijaza madumu, na gari likakaa sawasawa. Tulipoipita kona ile ya makorongo tukipanda, aliachia mkono mmoja. Karibu na Makote, katikati ya mikorosho, aliachia na wa pili.

"Mwanangu," aliuliza, "mashimo wameyafukia?"

"Hawajafukia hata moja, bibi."

"Basi ongeza mwendo," akasema. "Tunakwenda kama wagonjwa."