Mlango Namba Ishirini na Tatu

Jumamosi ile niliamka tumbo limenikaza, nikasingizia dagaa wa jana. Dagaa wa watu hawakuwa na kosa. Ilikuwa hofu tu. Siku hiyo mchana fundi wangu alitakiwa kuingia kwenye ubao wetu kwa mara ya kwanza, na alikwisha kutuambia kwamba atajaribu mara moja, basi.

Nianze na huo ubao. Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko barazani kwa duka moja la vipuri vya umeme hapa Igogo. Shule nilifika kidato cha nne, matokeo tuyaache huko huko yaliko. Lakini kichwa changu kinapenda kuota, na katika kuota kwake nikakutana na habari za watu wa zamani wa ng'ambo waliokuwa wanaweka kompyuta moja nyumbani, watu wengine wanaingia humo kwa njia ya simu, wanasoma maandishi waliyoachiana, wanaacha na yao. Hakuna picha, hakuna video, hakuna tangazo la biashara linalokurukia usoni. Maandishi tu kwenye kioo cheusi, kama ubao wa matangazo, ndiyo maana wakauita ubao. Nikaona, jamani, hiki kitu kizuri mno kuachwa kife. Nikaokoa kompyuta kuukuu isiende kwa wauza chuma chakavu, nikaiweka chini ya meza yangu, nikaiwashia ubao.

Mwanzoni mtu akitaka kuandika ilibidi aje akae kwenye kiti changu. Mafundi wachache wa Igogo na Kirumba walikuwa wanapita jioni. Mmoja anauliza nani ana spika ya redio ya mkulima, mwingine anamtukana refa wa mechi ya jana, wa tatu anamjibu yule wa kwanza kwamba spika anayo ila kwanza arudishe bisibisi yake. Nilikuwa nasoma peke yangu nacheka mpaka wateja wananishangaa.

Sasa fundi. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kuchomea risasi, baada ya yale matokeo. Alikuwa na kibanda cha redio mtaa wa pili kutoka hapa, na alikuwa na sauti. Sauti ile! Akisalimia yuko kibandani, wanaitikia watu walioko kisimani. Kisha koo likaugua, akafanyiwa upasuaji, akapona, ila sauti haikurudi. Akafunga kibanda, akavuka ziwa, akarudi kwao upande wa Sengerema. Tulimwingiza kwenye kundi la simu akajitoa. Si unajua makundi yenyewe, kila mtu anatuma sauti yake, huyu anacheka, yule anaimba. Nani amlaumu?

Mke wake, ninayemwita mama, ndiye aliyeniandikia. "Mwanangu, baba yenu anakaa tu anatazama ukuta. Wageni wakija anaingia ndani. Mtafutieni njia aongee na watu, nitampoteza huku namwona."

Nikajibu papo hapo kwamba njia ipo. Nilikuwa sijui hata naanzia wapi.

Njia yenyewe inaitwa telnet. Ni ya kizamani. Mtu akiwa mbali anaandika amri moja na anwani yako, kompyuta yake inakuja kugonga kwenye mlango namba ishirini na tatu wa kompyuta yako, ukimfungulia mnaongea kwa maandishi. Fundi alikuwa na kompyuta ya zamani na modemu, nikajua hii ataiweza bila kuhangaika na vidude vya simu vinavyomuumiza macho. Shida ilikuwa kwangu. Intaneti yangu ilikuwa ya laini ya simu, na hizo ni kama nyumba ya kupanga, wapangaji kibao, geti moja. Mgeni akija kukutafuta, getini hawakujui. Nilijaribu wiki nzima. Nikiwa barazani nabonyeza simu yangu kuingia kwenye ubao ulioko miguuni pangu, na siufikii.

Aliyekuwa na anwani yake mwenyewe ni tajiri. Tajiri ndiye mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Mwanza kama baba yake, na Kisukuma anakijua kuliko mimi niliyetoka Ukerewe. Alikuwa amevuta intaneti ya waya ili atazame kamera za duka akiwa nyumbani. Nilimwendea asubuhi, kabla hajachoka na watu.

"Tajiri, naomba unipe mlango mmoja tu kwenye intaneti yako."

"Mlango? Mimi nimefunga makufuli manne pale mbele, wewe unataka kufungua mlango mwingine nyuma?"

"Ni wa maandishi tu."

"Mwizi hajui kusoma?"

Nikamweleza kwa ajili ya nani. Akageuza geuza balbu aliyokuwa ameshika. Akasema, "Haya. Lakini nikiona kitu nisichokielewa, nachomoa waya. Sitakuita, sitauliza. Nachomoa."

Tukafungua Alhamisi. Niliingia kwenye ruta yake, kile kisanduku kinachogawa intaneti, nikaielekeza kwamba yeyote atakayegonga namba ishirini na tatu aletwe kwenye kompyuta yangu. Nikajaribu kwa simu. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi yangu mwenyewe yakashuka mstari kwa mstari: jina lako nani? Nikapiga kelele hadi muuza matunda wa ng'ambo ya barabara akauliza kama nimeshinda kitu.

Furaha ile haikufika hata adhuhuri. Kuna programu zinazunguka dunia nzima kazi yake kujaribu milango ya watu, na namba ishirini na tatu ndiyo zinayoanza nayo. Zilianza kuja kama inzi kwenye utumbo wa sato. Mashine ilikuwa inaandika kila jina lililojaribiwa, na majina yalikuwa yanapanda kiooni bila kupumzika: admin, root, guest, admin, admin. Tajiri akasimama nyuma yangu.

"Nani hao?"

"Wapita njia."

"Wapita njia hawagongi hivyo." Mkono wake ulikwisha kushika waya.

"Ngoja, ngoja tajiri! Nitaweka sheria. Anayekosea jina mara tatu anafungiwa, anwani yake haipokelewi tena."

Aliuachia waya taratibu. "Mara tatu. Siyo nne."

Nikaandika sheria. Majina yakaanza kupungua, tajiri akarudi kwenye kaunta. Namba ya mlango ningeweza kuibadilisha, wadudu wale wapungue, lakini maelekezo nilikwisha kumtumia mama, pamoja na jina nililomwandikisha fundi, na sikutaka kumchanganya fundi. Yeye alinijibu kwa kupitia simu ya mama, maneno machache: "Nitakuja Jumamosi mara moja. Ikishindikana mniache."

Basi ndiyo Jumamosi hiyo ya tumbo kukaza. Tulikubaliana mchana duka likitulia. Mafundi wenzangu walikuja wakajipanga barazani wakijifanya wamepita tu. Niliangalia umeme, upo. Ruta, taa zote kijani. Kila gari zito lilipopita nilishika kompyuta kama mtoto asishtuke. Saa nane ikafika, ikapita. Saa tisa. Hakuna.

"Labda network ya kule," akasema fundi mmoja wa Kirumba.

"Labda amelala," akasema mwingine.

"Labda wewe umekosea," akasema tajiri kutoka ndani, na huyo ndiye niliyemwamini.

Nikaanza kupekua kumbukumbu za mashine tangu alfajiri. Admin, root, admin, yale yale, mpaka macho yakauma. Tajiri akavaa miwani, akainama juu ya bega langu asome naye. Ni yeye aliyeweka kidole kwenye kioo.

"Hiki nini?"

Asubuhi mapema, mimi nikiwa bado nasingizia dagaa, kuna mtu alikuja. Mashine ilimuuliza: jina lako nani? Akaandika: hodi. Mashine ikamwambia jina halipo, jaribu tena. Akaandika: hodi. Jina halipo. Akaandika: hodi wenyewe. Ikamfungia.

Tajiri akavua miwani.

"Mwizi gani anapiga hodi?" akasema tajiri kwa sauti ndogo.

Alikuwa fundi. Mzee wa watu alidamka mapema, kama wazee wanavyodamka wakiwa na safari. Akafika mlangoni, akaulizwa jina hata kabla ya salamu, na yeye hakulelewa hivyo. Akapiga hodi zake tatu kama mtu mwenye adabu zake, na sisi tulikuwa tumeweka sheria kwamba wa mara tatu atupwe nje.

Nikamwandikia mama. Jibu lilikuja jioni. "Ameizima mashine, ameifunika kitambaa. Anasema hodi tatu hazikuitikiwa, mtu mzima harudi."

"Mama mwambie ni mashine, siyo sisi!"

"Kamwambie mwenyewe, mwanangu. Mtu hakuitikiwa mlangoni, halafu umwite kwa simu?"

Alikuwa na haki. Nikageukia kompyuta. Nilitaka kuiondoa ile sheria lakini nilimwogopa tajiri na waya wake, nikabaki nimeshika kibodi. Tajiri akakohoa.

"Wewe fikiri vizuri. Hao wadudu wako, kuna hata mmoja amepiga hodi?"

"Hakuna."

"Basi asiyepiga hodi ndiye umfungie."

Nilicheka huku machozi yananilenga. Nikaifungulia anwani ya fundi, nikaandika upya ukurasa wa mbele: kioo kikae kimya, mtu akiandika hodi aitikiwe karibu, asalimiwe, aingie sebuleni kwenye maongezi ya papo kwa papo. Jina atasema akipenda. Tajiri akaahidi kufungua duka Jumapili, siku ambayo hafungui hata kwa mgonjwa, akae kwenye kompyuta amsubiri.

"Sijui kuchapa haraka," akanionya.

"Fundi naye hajui. Mtaelewana."

Nikavuka na kivuko cha Kamanga asubuhi. Watu walikuwa wanakula mahindi na kupiga picha za ziwa, mimi nahesabu mabaya: umeme ukatike Igogo, tajiri aitwe msibani, modemu ya fundi igome, au fundi mwenyewe anione aingie ndani kama anavyofanya kwa wageni wengine. Hilo la mwisho lilinikaba zaidi. Nikipoteza ubao nitaota kingine. Fundi nitampata wapi mwingine?

Bodaboda aliniacha kwenye ua wao. Mlango ulikuwa wazi kidogo, ndani giza.

"Hodi!"

Kimya. Kuku mmoja akanitazama.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Nikabaki na moja. Nilisimama pale, kiatu kimoja nimekwisha kukivua, naogopa kuitumia hiyo ya mwisho, kwa sababu nikiitumia na kukosa jibu nitalazimika kugeuka na kuondoka kama alivyoondoka yeye. Halafu nikafikiri: sasa nilitaka nani aniitikie? Kwa sauti ipi?

Ndani kikalia kijiko kwenye kikombe cha bati. Ngi, ngi, ngi.

Nikaingia, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo fundi." Akaweka kiganja kifuani, ndiyo marahaba yake siku hizi. Alikuwa amekonda shingo. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua kama maiti ya mtoto, Mungu nisamehe. Mama alitoka jikoni nyuma ya nyumba na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akatuacha kwa makusudi.

"Fundi, jana umekuja na tukakufungia. Tuliogopa wezi, tukaweka sheria ya mara tatu."

Akavuta kipande cha boksi na kalamu, akaandika: Nyie mnahesabu hodi za watu?

"Ndiyo fundi."

Akaandika: Wajinga.

"Ndiyo fundi. Tumeitoa. Tajiri yuko pale saa hizi, amefungua duka Jumapili."

Nyusi zikapanda. Tajiri, Jumapili? Nadhani ni udadisi uliomwinua, siyo mimi. Akaondoa kitambaa, akawasha mashine. Ilichukua muda mrefu kuamka mpaka nikamaliza karanga bila kujua. Tukaweka modemu dirishani. Akaandika amri mwenyewe, herufi moja moja, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo hivyo. Umeme, nikawaza. Waya. Ameuchomoa.

Fundi akaandika: hodi.

KARIBU, ikaja mara moja. Kisha chini yake, taratibu kama mtu anayepanda mlima, maneno ya tajiri, akianza na salamu ya Kisukuma: mwangaluka fundi. ile redio ya baba yangu uliirudisha skurubu moja haipo

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika. Nilishtuka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, cheko lake lote lile la zamani, ila bila mlio. Akavuta kiti karibu, akaandika: ilikuja haina. muulize baba yako

baba amefariki, akajibu tajiri, unamsingizia marehemu

Fundi akapiga meza kwa kiganja. Vidole vikaanza kukimbia, vinakosea, vinafuta, vinarudia. Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Wanasemaje huko?"

Fundi hakugeuka. Alimwinulia mkono wa kushoto, nyamaza kwanza, huku wa kulia unaendelea kuandika. Mama akaniangalia, akauziba mdomo wake kwa upande wa khanga, akarudi jikoni kwa kunyata.